Mgonjwa wa Joho la Kijani

Sauti ya kwanza niliidhania kuwa ya kiti.

Tulikuwa ukumbini chuoni, alasiri ya mvua za masika, mapazia yamefungwa, tukitazama filamu ambayo msimamizi wangu wa masomo aliiita kilele cha sanaa ya sinema. Ilikuwa filamu ya zamani, isiyo na rangi, yenye maneno machache mno. Katika ukimya wake nilisikia mlio mwembamba, kama wa kiti cha mwanzi kilichokaliwa na mtu asiyetulia. Nilikaa bila kutikisika, mlio ukaendelea. Nikahamia kiti cha pili, ambacho kilikuwa cha chuma. Mlio ukahama nami. Hapo nikafanya jambo ambalo watu wa tabia yangu hulifanya kabla ya kuogopa: nikafanya jaribio. Nilizuia pumzi, na mlio ukanyamaza. Nilipoachia pumzi, ukarudi.

Ninaandika haya kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi kwenye benchi la kliniki ya kifua akiwa na kikombe cha makohozi mkononi, hajui akiweke wapi ili jirani asikione. Kishike tu. Jirani naye anacho chake.

Kwanza nieleze filamu ile, kwa kuwa nilifungamana nayo kuliko nilivyotaka. Mlinzi wa mnara wa taa anaishi peke yake kwenye mwamba katikati ya bahari ya baridi. Mkewe yuko pwani. Kila jioni mke hupunga taa dirishani, na mume huiona akajua kwamba nyumbani ni salama. Mke anaugua kifua. Anamwapisha dada yake asimwambie mume lolote, kisha anakufa, na dada anaendelea kupunga taa ile ile. Mume anaiona, anatabasamu, na filamu inakwisha. Wanafunzi wenzangu walilia. Mimi sikulia, nikaona haya, nikadhani kasoro iko kwangu. Nilikuwa nikiandika tasnifu kuhusu ukimya katika tamthilia na sinema, na sura nzima ilikuwa juu ya taa ile. Nilikwisha kuisifu kwa kurasa nyingi kabla ya kukubali moyoni kwamba ilinichosha.

Kabla ya mvua kukatika nilikuwa nimelazwa. Picha ya kifua ilionyesha wingu upande wa kulia. Kisha daktari akaingiza kioo kidogo kooni mwangu, akakitazama kwa muda mrefu, akasema ugonjwa umeshuka hata kwenye sanduku la sauti. "Usiseme," aliniagiza. "Wala usinong'one, kunong'ona ni kubaya zaidi. Mpaka nitakapokuruhusu." Mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa hoja na majibu ya hoja, akaambiwa hivyo, naye hakuweza hata kuuliza mpaka lini.

Mama ndiye aliyeamua kwamba Baba asijue.

Baba ni Mtaita na Mama ni Mrabai, hivyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu pale Nakawa, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Nililelewa humo. Mwaka ambao reli ya nchi tatu iligawanyika, Baba alirudishwa Kenya, akapangiwa kazi stesheni ya Voi. Mama alibaki nami ili nimalize masomo. Baba alikuwa akipiga simu nyumbani kwa kasisi wetu, Jumapili baada ya ibada, kila laini ilipokubali, nasi tulikuwa tukikaa sebuleni kwa kasisi tukiingoja kama watu wanaongoja wali kuiva.

Kwetu kuna desturi, nadhani hata kwenu ipo: aliye mbali haambiwi habari ya ugonjwa. Aambiwe ya nini, naye hawezi kukuuguza? Ataambiwa akirudi, mgonjwa akiwa amepona au amezikwa. Lakini Mama alikuwa na sababu nyingine, akaniambia wodini huku akikunja kanga yake mapajani.

"Baba yako nikimwambia leo, kesho yuko njiani. Unamjua. Na barabarani wataanza kumuuliza: wewe Mkenya, wewe wa reli, unafuata nini huku? Utanijibu nini wakimshusha kwenye gari?"

Sikuweza kumjibu chochote. Nilikuwa nimekatazwa kusema.

"Basi," alisema, kana kwamba nimekubali. "Wewe uko maktaba."

Miezi ile ya sindano nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa aliyeipitia anaijua na asiyeipitia ataijua upesi. Kila asubuhi muuguzi wetu, Sista Apio, alikuja na sinia ya sindano, nasi tukageuka ubavu kama mikate ya ajemi juu ya chuma. Nyama ya makalio ikawa ngumu kama ubao. Masikioni kukaingia mlio wa chenene ambao haujatoka mpaka leo. Nilikonda hata pete ikawa inaanguka kwenye sufuria ya uji. Sukari ilipatikana kwa bahati, sabuni kwa kujuana. Mama alikuwa akipanda kilima cha hospitali ya Mulago na chupa ya maziwa ndani ya sweta, si kwa ajili ya joto bali kwa ajili ya vizuizi vya barabarani, maana askari wenye njaa huwa na maswali mengi juu ya maziwa.

Nilichokitamani zaidi hakikuwa chakula. Nilimtamani Baba akisoma. Alikuwa mpenzi wa vitabu vya katuni, vile vya mashujaa wanaoruka angani, ambavyo abiria waliviacha mabehewani. Alivikusanya kwenye sanduku chini ya kitanda, na jioni alitusomea akibadilisha sauti: ya shujaa nzito, ya adui nyembamba, ya treni kama treni. Mimi nilipofika chuo kikuu nilijifunza kwamba vitabu hivyo si fasihi. Baba alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja.

Siku moja Mama alikuja na kimoja cha vitabu hivyo. Hakukileta nisome, alikileta atandike juu ya kabati la kando ya kitanda changu, kwa kuwa rangi yake ilikuwa imebanduka. Jalada lilionyesha mtu mwenye kinyago na joho la kijani akiinua treni iliyokuwa ikianguka kutoka darajani. Nilimjua mara moja: ndiye aliyekuwa na sauti nzito kuliko wote. Niligeuza uso ukutani, nikalia, na kulia bila sauti ni kazi ngumu.

Kitanda cha kulia kwangu alilala Hawa, mke wa sajini, mtu wa Arua, mrefu, mwenye kicheko kilichomletea kikohozi kila mara. Kushoto alilala mchuuzi wa ndizi wa sokoni Nakawa, tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Nnalongo alikuwa mwangalifu na Hawa, kama sote tulivyokuwa waangalifu na mke wa askari yeyote. Walisalimiana vizuri, wakaishia hapo.

Hawa alinyoosha mkono, akakivuta kitabu kutoka kwenye kabati langu. Hakuwa amesoma shule, wala hakuona hilo kuwa kizuizi. Alikifungua, akakitazama kwa makini, kisha akaketi wima.

"Nnalongo," alisema, "angalia hii mutu. Iko nakohoa sana."

"Nani?"

"Hii ya kijani. Ona! Inatoka mudomoni."

Alikuwa akionyesha viputo vyeupe, vile ambavyo wachoraji huandikia maneno ya wahusika. Nnalongo aliteremka kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa juma zima, akaja kuinama juu ya ukurasa.

"Banange, jamani," alisema polepole. "Huyu anakohoa kuriko mimi."

"Na huyu mwembamba, anakohoa kidogo kidogo."

"Huyo bado. Ndiyo anaanza. Hata hajalazwa."

Mimi nilikaa na ukweli kooni. Nilijua viputo vile ni nini. Nilijua hata jina lake la kitaaluma. Nilikuwa nimeandika tanbihi juu ya usemi uliochorwa. Nilinyanyua mkono nitoe ishara, nikafungua kinywa. Hawa akanipiga kidole gotini.

"Wewe musomi, nyamaza. Dokta amekataza. Leo nasoma mimi."

Basi akasoma. Ukurasa baada ya ukurasa, katika Kiswahili chake cha kambini, alitusimulia habari za mgonjwa wa kifua ambaye hakuwa na nafasi ya kulazwa. Treni ilianguka, akaja akikohoa. Benki ilivunjwa, akaja akikohoa. Alipokutana na adui, kikohozi kilimshika vibaya mno hata kiputo kikawa na miiba pembeni, na Nnalongo akashika kifua chake mwenyewe akasema, "Hiyo naijua. Hiyo ni ile ya arufajiri." Kulikuwa na viputo vingine vya umbo la wingu, vyenye vitone vidogo, ambavyo ni mawazo. Hawa alivichunguza, akatoa hukumu: "Hapa amezuia. Anataka kukohoa lakini watu wako karibu."

Hakuna mhakiki aliyewahi kunishinda kwa hoja kama ile. Nilizipitia picha zote kichwani nikitafuta moja itakayoikanusha, nami sikuipata. Nilianza kucheka. Kucheka bila sauti kunauma mbavu, na machozi hutoka vilevile.

Kuanzia siku ile kitabu kikawa cha wodi nzima. Hawa alikisimulia kila baada ya sindano, na kila mara ugonjwa wa shujaa ulikuwa na mambo mapya. Joho likawa blanketi alilotoroka nalo hospitalini. Wakambandika jina la Mgonjwa. Uji ulipokuja mwembamba, wakasema Mgonjwa angeurudisha jikoni. Sista Apio alipokuta mtu hataki kumeza vidonge, alisema, "Mbona Mgonjwa anameza?" Mtu akameza.

Siku moja Nnalongo aliuliza swali ambalo sote tulikuwa tumelikwepa.

"Lakini kwa nini anaficha uso? Mtu mwema haendi kwa watu na uso umefunikwa."

Katika mji ule, miaka ile, watu waliokuja nyumbani kwa mtu wakiwa wameficha macho kwa miwani myeusi walikuwa wa aina moja tu, na waliyemchukua hakurudi. Nnalongo alikumbuka yuko kando ya kitanda cha nani. Mkono wake ulianza kukunja shuka.

Hawa hakuinua macho kutoka kwenye kitabu.

"Mume wangu mimi haficha uso," alisema. "Ndiyo maana mpaka leo ni sajini tu."

Aliyeanza kucheka ni Nnalongo mwenyewe, kisha wodi nzima ikakohoa kwa kicheko hata Sista Apio akaja mbio na mabakuli. Hawa akageuza ukurasa. "Uso anaficha sababu ya kikohozi," alieleza. "Hata sisi walitupa kitambaa."

Hapo ndipo nilipoanza kukipenda kitabu kile, nami ninasema hivyo bila kuona haya. Nilikipenda kwa kuwa ndani yake kila aliyeumia alionekana ameumia, kwa rangi, ukurasa mzima, hata jirani asiyejua kusoma aliona. Yule mwanamke wa filamu alikuwa ameugua mpaka kufa bila bakuli, bila jasho, bila mtu wa kitanda cha pili. Nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi alikohoa. Nilikumbuka moja, na hiyo ilikuwa ndani ya leso.

Kiangazi cha kati ya mwaka, mume wa Hawa aliacha kuja. Hatukuuliza. Baada ya siku kadhaa walikuja kaka zake wawili, wakazungumza naye kwa lugha yao, akaanza kufunga vitu vyake. Sista Apio alisimama mlangoni na kumsihi kwa jina: sindano hazijaisha, dada, ukiziacha ugonjwa utarudi mkali. Hawa alisema atazimalizia kwao. Nilimpa kitabu. Alikitazama, akanirudishia.

"Kaa nayo. Huko nitasimulia bila picha."

Sijui kama alimaliza sindano. Kila nikikutana na mwanamke mrefu wa huko Arua, mimi humtazama kifuani kabla ya kumtazama usoni. Nawe unayesoma, ukijisikia nafuu katikati ya dawa, usiondoke. Nafuu si kupona.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani msimu wa nsenene, wakati watoto wa Nakawa hukimbizana na panzi chini ya taa za barabara na kila jikoni hunuka kukaanga. Daktari alitazama tena kwa kioo, akaniambia niseme kitu. Nikasema, "Ahsante." Sauti iliyotoka sikuifahamu. Ilikuwa ya mwanamke mzee aliyeishi karibu na moshi. Daktari alisema ugonjwa umekufa lakini kovu limebaki. Huenda sauti ikalainika, huenda isilainike.

Jumapili zilizofuata ndizo zilizonitesa kuliko sindano. Baba alipiga simu. Mama alishika mkono wa simu, nami nikasimama kando yake, karibu kiasi kwamba niliisikia sauti ya Baba ikitoka ndogo na safi, ikiuliza mvua, ikiuliza bei ya ndizi, kisha ikiuliza, "Na Wakio?"

"Yuko maktaba," Mama alisema, akinitazama.

"Jumapili?"

"Tasnifu, baba Wakio. Unajua kazi hizo."

"Mwambie nimepata vitabu viwili vipya. Kimoja kina manowari."

Simu ilikatwa. Mama alikaa chini. Nilimwambia kwa sauti yangu mpya kwamba mara nyingine nitazungumza naye. Alitikisa kichwa. "Kwa sauti hiyo? Atajua kabla hujamaliza shikamoo." Alisema kweli, na ndiyo iliyonizuia. Mgonjwa anaweza kuficha mwili kwa umbali; sauti ndiyo kitu pekee cha mwili kinachosafiri kwa waya. Nilipima kila upande wa jambo lile mpaka likachakaa. Nikimwambia, atakuja, na njiani kuna watu. Nisipomwambia, atazungumza na Mama Jumapili baada ya Jumapili na kunipenda mimi wa zamani, aliyeko maktaba.

Mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata nilirudi idarani, na msimamizi wangu, kwa wema, alipanga filamu ionyeshwe tena ili nifufue sura yangu. Alisimama mbele akawaambia wanafunzi wapya kwamba wataona upendo usiohitaji kusema. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mke aliugua kwa uzuri. Dada aliapa. Kisha ikafika picha ile mashuhuri: dirisha, mkono wa dada, taa ikipungwa kushoto na kulia, halafu uso wa mume juu ya mwamba, ametabasamu.

Kamera ilikaa juu ya uso ule kwa muda mrefu. Walimu wangu wote waliuita muda huo wa kishairi. Mimi nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake, akidanganywa na watu wanaompenda, na sote ukumbini tukiombwa tuone vizuri. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna hata picha moja katika filamu nzima inayomuuliza kama angetaka kujua.

Nilitoka. Msimamizi alinifuata hadi barazani, ameingiwa na wasiwasi.

"Wakio, imekugusa mno? Pengine bado ni mapema."

"Hapana, Daktari," nilisema, na sauti ilikwaruza hata mwanafunzi aliyepita akageuka. "Siipendi. Haijapata kunipendeza. Yule mume hakuulizwa."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kengele mahali pasipo kanisa. Nilimshukuru, nikateremka mlima wa chuo kwa miguu kwenda posta, nikipumzika kila mti ulipokuwa na kivuli. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu la swali la Mama la kule wodini, nalo lilikuwa dogo: miezi ile, bila sauti, nisingeweza kumwambia Baba mwenyewe asije. Sasa ningeweza.

Posta ilikuwa na foleni. Mwendeshaji wa simu aliandika Voi, stesheni, akaniambia niketi. Wanaume wawili waliokaa karibu na mlango hawakuwa wakingoja simu yoyote, na kila mtu alijua, na kila mtu alitazama kwingine. Jina langu liliitwa. Kibanda kilinuka sigara. Nilisikia mitambo ikibishana, Nairobi ikaitika, ikapotea, ikarudi, kisha kwa mbali:

"Stesheni, habari za mchana?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Mimi nani, bibi? Laini mbovu. Unamtafuta nani?"

"Wewe, Baba. Ni Wakio."

Akajibu kwa upole ambao watu huutumia kwa aliyepotea njia: "Wakio hana sauti hiyo, mama."

"Sasa anayo. Niliugua kifua, Baba, kikafika kooni. Nililazwa tangu masika. Sindano nimemaliza, vidonge ninaendelea navyo, ninakula. Mama alinyamaza kwa kukuogopea wewe, usimlaumu. Na usije. Tafadhali, Baba, usije. Nikiruhusiwa kusafiri nitakuja mimi."

Sababu za kumkataza asije hazikuwa za kusemwa kwenye simu, naye hakuziuliza. Nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili. Mwendeshaji aliingia katikati yetu: "Muda wenu umekwisha. Mnaendelea?"

"Tunaendelea," alisema Baba upesi. Kisha kwangu: "Sema."

"Niseme nini?"

"Lolote, mwanangu. We sema tu, nizoee."